Stima Ikipotea Usiku: Jinsi ya Kuwakinga Vifaranga Dhidi ya Baridi

Wafugaji wengi wa kuku katika Kaunti ya Nyandarua hununua vifaranga wa siku moja na kuwalea chini ya balbu ya stima. Mpango huo hufanya kazi vizuri mpaka usiku ambao stima inapotea. Kaunti hii iko nyanda za juu. Mji wa Ol Kalou pekee uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku huwa kali. Huko Kinangop, jalidi huanguka nyakati nyingine na kuunguza viazi shambani. Kifaranga wa siku tatu akikaa katika baridi ya namna hiyo bila joto, huenda asifike asubuhi.

Hasara yake si ndogo. Tuseme mfugaji amenunua vifaranga 100 kwa shilingi 100 kila mmoja. Ameweka shilingi 10,000 ndani ya duara moja dogo, kabla ya kuhesabu chakula, chanjo na nauli. Kwa familia nyingi hizo ni pesa za chama au akiba ya karo, na zinaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Tena stima haikatiki kwa dakika chache tu kila wakati. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa pamoja, na maeneo mengi yalikaa bila umeme hadi siku iliyofuata. Mfugaji aliyejiandaa kwa saa moja tu angeishiwa na mbinu mapema. Matayarisho mema ni ya kuvuka usiku mzima.

Somo hili lina jambo moja kuu la kukumbuka: stima ikipotea, kazi ya kwanza ni kuhifadhi joto lililopo, na kuleta joto jingine ni kazi ya pili. Anayekimbilia jiko kabla ya kufanya kazi ya kwanza huchoma makaa mengi, na bado joto humtoroka kupitia nyufa na nafasi tupu.

KWA NINI KIFARANGA HUSHINDWA NA BARIDI

Mwili wa kifaranga mwenye afya huwa na joto la nyuzi 40 hivi. Lakini anapoanguliwa amefunikwa na vinyoya laini tu, ambavyo havizuii baridi kama manyoya ya kuku mkubwa. Pia mwili wake ni mdogo, kwa hiyo hupoteza joto haraka. Katika wiki mbili za kwanza hawezi kulinda joto la mwili wake vizuri bila msaada. Kifaranga anayelelewa na kuku mama huingia chini ya mbawa, lakini yule wa bruda humtegemea mfugaji.

Joto linalopendekezwa, likipimwa kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga, ni hili:

- Wiki ya kwanza: nyuzi 32 hadi 35.
- Wiki ya pili: nyuzi 29 hadi 32.
- Wiki ya tatu: nyuzi 26 hadi 29.
- Wiki ya nne: nyuzi 23 hadi 26.

Usiku wa Julai ambao nje kuna nyuzi 10, kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 22 au zaidi juu ya lile la nje. Ndiyo maana wiki ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Mara nyingi baridi yenyewe siyo inayoua kwanza. Vifaranga wanaposikia baridi hukimbilia mahali pamoja na kupandana. Walio chini hukosa hewa. Asubuhi mfugaji hukuta rundo kwenye kona moja, wale wa juu wakiwa hai na wale wa chini wamekufa.

VIFARANGA WENYEWE NI KIPIMAJOTO

Kipimajoto cha dukani ni kizuri, lakini asiye nacho anaweza kusoma hali ya vifaranga kwa macho na masikio:

- Wakisongamana na kulia kwa sauti kali isiyokoma, wana baridi.
- Wakikaa mbali na chanzo cha joto, midomo wazi, mbawa zimelegea, wana joto kupita kiasi.
- Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia upande wa pili.
- Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamelala kwa utulivu, joto linatosha.

Kipimo kingine ni miguu. Mfugaji amshike kifaranga taratibu na kugusisha miguu yake kwenye upande wa ndani wa mkono wake. Miguu ikiwa baridi, kifaranga mzima anapoa. Vifaranga watano au sita kutoka sehemu tofauti za bruda wanatosha kuonyesha hali ya kundi. Baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu kuku wadogo kwa wakubwa hubeba vijidudu vinavyoweza kumwendesha mtu tumbo.

NUSU SAA YA KWANZA: KUHIFADHI JOTO

Stima ikipotea, bruda bado ina joto. Hatua zifuatazo hulizuia lisitoroke.

1. Kuleta mwanga. Giza la ghafla huwashtua vifaranga na kuwafanya warundikane. Taa ndogo ya sola au tochi iliyoning'inizwa juu inatosha.

2. Kuziba upepo wa chini. Mfugaji azibe kwa magunia nafasi iliyo chini ya mlango na nyufa za ukuta zilizo karibu na sakafu. Matundu ya juu, karibu na paa, yabaki wazi ili hewa chafu itoke.

3. Kupunguza nafasi. Duara la vifaranga lipunguzwe hadi karibu nusu ya ukubwa wake. Joto la miili yao litapasha nafasi ndogo kuliko kupotelea katika chumba kizima. Ukuta wa bruda uwe wa mviringo. Wenye bruda ya pembe nne wazibe kona kwa vipande vya katoni, maana konani ndiko vifaranga hurundikana.

4. Kuongeza maranda. Sakafu ya simiti hunyonya joto kupitia miguu na tumbo. Maranda makavu yenye kina cha sentimita 8 hadi 10 huzuia hilo. Yaliyolowa chini ya vyombo vya maji yaondolewe mara moja, kwa kuwa kifaranga aliyelowa hupoa haraka zaidi.

5. Kufunika juu. Blanketi kuukuu au gunia safi litandazwe juu ya duara, likishikiliwa na fito ili lisiwaangukie vifaranga. Lifunike takriban theluthi mbili na kuacha theluthi moja wazi kwa hewa. Karatasi ya nailoni haifai kufunikia moja kwa moja, kwa kuwa huzuia hewa na kukusanya unyevu.

Kwa vifaranga wa siku moja hadi tatu kuna njia rahisi zaidi: kuwarudisha ndani ya boksi walilokuja nalo. Boksi la kawaida la vifaranga 100 lina vyumba vinne vya vifaranga 25. Humo ndimo walimosafiri kutoka kiwandani bila balbu yoyote, wakipashana joto. Mgawanyo huo pia huzuia kundi zima lisirundikane pamoja. Boksi liwekwe maranda mapya, lisikae juu ya simiti tupu, na matundu yake yasizibwe. Hata hivyo, hii ni njia ya saa chache tu. Vifaranga hawawezi kukaa humo bila chakula na maji siku nzima, na waliopita wiki moja hawatoshei.

JOTO LA MAJI MOTO

Baada ya kuhifadhi joto lililopo, sasa ni wakati wa kuongeza jingine. Njia salama kuliko zote ni mitungi ya maji moto, kwa sababu haina moshi, haiwashi maranda, na moto wenyewe hubaki jikoni.

Mtungi wa plastiki wa lita 5 hujazwa maji ya moto ambayo hayachemki, kifuniko hukazwa, kisha mtungi hufungwa kwa kipande cha gunia au sweta kuukuu ili vifaranga wasiungue. Husimamishwa katikati ya duara, nao vifaranga huuegemea.

Nguvu ya njia hii inaweza kuhesabiwa. Lita 5 za maji zikipoa kutoka nyuzi 70 hadi 40 hutoa joto sawa na la balbu ya wati 100 iliyowaka kwa takriban saa 1 na dakika 45. Kwa hiyo mitungi mitatu hutoa joto sawa na la balbu kubwa ya wati 250 kwa saa 2 hivi. Katika duara lililopunguzwa na kufunikwa, joto hilo huwavusha vifaranga 100 hadi zamu inayofuata.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, mitungi ibadilishwe kila baada ya saa mbili. Mtungi uliopoa ukiachwa ndani huanza kunyonya joto la vifaranga. Pili, maji yaliyotolewa yasimwagwe. Bado yana uvuguvugu, hivyo kuyapasha tena huchukua muda mfupi na makaa machache.

JIKO LA MAKAA: MSAADA NA HATARI YAKE

Jiko la makaa hutoa joto jingi, na kwa kundi kubwa la vifaranga huenda likawa njia pekee inayotosha. Lakini makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hutoka hata moshi ukiwa umekwisha. Huzuia damu kubeba hewa ya oksijeni, na huua vifaranga na binadamu vilevile. Nyumba iliyozibwa kila upande ili kuzuia baridi ndiyo yenye hatari zaidi.

Anayetumia jiko afuate masharti haya:

- Makaa yawashwe nje hadi yawe mekundu kabisa, ndipo jiko liingizwe.
- Matundu ya juu ya nyumba yawe wazi muda wote.
- Jiko liwekwe juu ya matofali au mchanga, mbali na maranda, na lizungushiwe waya ili vifaranga wasilifikie.
- Mtu aliye macho awe karibu na aingie kukagua mara kwa mara. Mtu yeyote asilale katika chumba chenye jiko.
- Vifaranga wasihamishiwe chumba cha kulala pamoja na jiko, hata kwa usiku mmoja. Familia kadhaa nchini zimepoteza watu kwa jiko lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa.

Anayeingia katika nyumba ya vifaranga na kuhisi kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi wa ghafla atoke nje papo hapo, afungue mlango na kuita msaada. Dalili zisipoisha haraka, apelekwe hospitalini.

VITU VINAVYODANGANYA

Balbu za kisasa za kuokoa umeme, pamoja na taa nyingi za sola, hutoa mwanga mwingi na joto kidogo sana. Mwanga ukionekana mkali, mfugaji hudhani vifaranga wamepata joto kumbe bado wanapoa. Taa hizo ni za kuondoa giza tu.

Koroboi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na ikianguka juu ya maranda huteketeza nyumba. Taa ya chemni ni afadhali kidogo, lakini nayo ining'inizwe kwa waya imara, si kwa kamba.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi ileile ya sumu. Pia isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima. Umeme wake unaweza kurudi kwenye nyaya za barabarani na kumuua fundi anayezitengeneza.

MFANO WA USIKU MMOJA

Tuseme mfugaji wa Kinangop ana vifaranga 100 wa siku nne, na stima inapotea saa mbili usiku.

Saa mbili na dakika tano: ananing'iniza taa ya sola. Mtoto mkubwa anabandika sufuria ya maji jikoni.

Saa mbili na robo: nyufa za chini zimezibwa, duara limepunguzwa hadi nusu, maranda yameongezwa na blanketi limefunika theluthi mbili. Anaripoti hitilafu kwa Kenya Power kupitia nambari 97771.

Saa tatu kasorobo: mitungi mitatu ya lita 5 imeingia. Baada ya dakika 20 anaangalia. Kelele zimepungua na vifaranga wamezunguka mitungi bila kupandana. Anagusa miguu ya watano na kuikuta ina joto.

Saa tano kasorobo, saa saba kasorobo, saa tisa kasorobo na saa kumi na moja kasorobo: maji yanabadilishwa. Simu imewekwa kengele kwa kila zamu, na watu wawili wanapokezana ili kila mmoja apate usingizi. Katika kila zamu, vifaranga waliojikusanya wanatawanywa kwa mkono taratibu.

Saa moja asubuhi: maji ya kunywa yenye uvuguvugu na chakula vinawekwa. Jua likishapanda, blanketi linafunuliwa kidogo kidogo.

Usiku huo mzima umetumia maji lita 15 yaliyopashwa mara tano, na hakuna moto ulioingia katika nyumba ya vifaranga.

KIFARANGA ALIYEPIGWA NA BARIDI

Kifaranga aliyelegea, macho yamefumba na miguu baridi, bado anaweza kupona. Atengwe ndani ya katoni ndogo yenye kitambaa kikavu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa nguo. Apashwe taratibu. Kumweka karibu na moto humuunguza au kumkausha. Asinyweshwe maji akiwa bado amelegea, kwa kuwa yataingia kwenye mapafu. Akishaweza kusimama, mdomo wake uchovywe katika maji ya uvuguvugu yenye glukosi kidogo, kisha arudishwe kwa wenzake.

STIMA IKIRUDI

Balbu ikiwaka tena, blanketi liondolewe na mitungi itolewe, la sivyo joto litapanda kupita kiasi. Duara lipanuliwe hatua kwa hatua vifaranga wanapotawanyika.

Madhara ya baridi huweza kujitokeza siku mbili au tatu baadaye. Baadhi ya vifaranga hudumaa, na wengine hugandwa na kinyesi sehemu ya nyuma. Hao wasafishwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kukaushwa. Idadi ya wanaokufa iandikwe kila siku. Vifo vikiendelea kuongezeka, au kukiwa na kinyesi cheupe au chenye damu, chanzo huenda ni ugonjwa. Afisa wa mifugo aitwe bila kungoja. Kama chanjo ilipangwa siku hiyo, mfugaji amuulize afisa kwanza kabla ya kuwachanja vifaranga waliodhoofika.

MATAYARISHO KABLA YA VIFARANGA KUFIKA

Vifaa vifuatavyo viwekwe mahali pamoja, karibu na nyumba ya vifaranga:

- mitungi 6 ya lita 5 yenye vifuniko visivyovuja, ili mitatu ikiwa ndani mingine ijazwe;
- magunia safi na blanketi kuukuu;
- gunia la maranda makavu;
- taa ya sola iliyochajiwa;
- makaa au kuni kavu za kutosha usiku mzima;
- boksi la vifaranga lililotunzwa baada ya kuwapokea;
- kipimajoto, kikipatikana.

Ilani za Kenya Power kuhusu maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo husaidia kupanga siku ya kupokea vifaranga. Anayeweza kuchagua mwezi aepuke kuwapokea katikati ya Julai. Tena ni vyema familia ifanye jaribio jioni moja wakati stima ipo: kuzima balbu, kufuata hatua zote na kuona ni nani anafanya nini. Makosa ya jaribio hayaui kifaranga yeyote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Stima imepotea sasa hivi. Kati ya kuwasha jiko na kupunguza duara, ni lipi litangulie?
Jibu: Kupunguza duara. Joto lililopo huhifadhiwa kwanza.

2. Taa ya sola inawaka vizuri, lakini vifaranga wamerundikana na kulia. Tatizo ni nini?
Jibu: Taa imeleta mwanga bila joto. Waletewe mitungi ya maji moto na rundo litawanywe kwa mkono.

3. Makaa yamekuwa mekundu na hayana moshi. Je, matundu ya juu yanaweza kuzibwa?
Jibu: Hapana. Gesi ya sumu hutoka hata pasipo moshi.

4. Kwa nini mtungi uliopoa usiachwe ndani ya duara?
Jibu: Huanza kunyonya joto la vifaranga.

Mkazi anayehitaji maelezo zaidi afike katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake, iwe ni Kinangop, Kipipiri, Ol Kalou, Ol Joro Orok au Ndaragwa. Ni vizuri aende kabla ya kulipia vifaranga, ili nyumba, vifaa na siku ya kuwapokea vipangwe mapema.